Tumechoka Kusomewa Ukuta

Iko imani moja iliyoenea katika vyuo vyetu hapa Uganda, nayo ni kwamba mtu asiyejua kuandika programu za kompyuta hawezi kutengeneza slaidi zinazomshirikisha msikilizaji. Kwa sababu ya imani hiyo, mhadhiri wa Kiswahili huingia darasani na slaidi sitini, akazisoma moja baada ya nyingine kwa saa mbili, na wanafunzi wakatoka bila kutamka hata sentensi moja ya Kiswahili. Akiulizwa, husema kwamba mambo ya teknolojia tuwaachie wenzetu wa kitivo cha kompyuta. Nasi wanafunzi, zamu yetu ya semina ikifika, tunafanya yaleyale, tena vibaya zaidi, maana sisi hata hatuzielewi vizuri sentensi tulizozinakili.

Makala haya yanaipinga imani hiyo. Nadai kwamba kinachokosekana si ujuzi wa kompyuta. Kinachokosekana ni nia ya kumpa msikilizaji nafasi ya kusema, na kukubali kwamba alichokisema kinaweza kubadilisha mwendo wa somo.

Kwanza tuelewane juu ya neno "kushirikisha". Wengi wetu tukisikia neno hili tunafikiria herufi zinazoruka, picha zinazozunguka na sauti ya makofi kila slaidi inapobadilika. Hayo ni mapambo tu. Kipimo cha ushirikishi ni rahisi. Chukua wasilisho lako, lionyeshe mbele ya viti vitupu. Kama litakwenda vilevile lingekwenda mbele ya watu mia moja, basi halimshirikishi mtu, hata kama herufi zake zinacheza ngoma. Wasilisho shirikishi ni lile ambalo haliwezi kuendelea mpaka mtu aliyeketi aseme jambo, na ambalo likishaambiwa jambo hilo huchukua njia moja na kuacha nyingine.

Tusisahau chombo hiki kilitoka wapi. Programu ya PowerPoint ilitengenezwa Marekani na kampuni ndogo iliyoitwa Forethought, chini ya uongozi wa Robert Gaskins. Ilitoka mwaka 1987, na mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ikainunua Forethought kwa dola milioni 14. Walengwa walikuwa watu wa maofisini waliozoea kuweka karatasi za plastiki juu ya projekta ili kuwaeleza wakubwa na wateja mipango yao. Mtu wa namna hiyo ana dakika chache na jambo moja la kuuza, na hataki kukatizwa. Hakuna ubaya kwa muuzaji kuwa na chombo chake. Ubaya ni mwalimu wa lugha kukichukua chombo hicho pamoja na tabia ya muuzaji ndani yake.

La kusikitisha zaidi ni kwamba sisi watu wa Kiswahili hatukuhitaji kufundishwa ushirikishi na kampuni yoyote. Tazama kitendawili. Fanani husema, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Akishatega, fanani hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakofanya kazi. Jibu likiwa sahihi, zamu huhamia kwa mwingine. Likiwa si sahihi, mwingine hujaribu. Wote wakishindwa, fanani hudai mji, hupewa mji, na akishautembelea kwa maneno na kujisifu kidogo ndipo afumbue. Hesabu njia hizo: ziko tatu, na hakuna ajuaye mapema ni ipi itakayofuatwa. Mbibi asiyewahi kushika kompyuta aliweza kupanga mambo hayo jioni kando ya moto.

Sasa tulinganishe na darasa la fasihi simulizi katika chuo kimoja ninachokifahamu vizuri. Slaidi inasema kwamba miongoni mwa sifa za fasihi simulizi ni hadhira kushiriki moja kwa moja. Mhadhiri anaisoma. Hadhira inanakili sentensi hiyo kimya kimya. Slaidi inayofuata inasema kwamba fanani huweza kubadilisha utungo wake kulingana na hadhira iliyo mbele yake. Hadhira inanakili. Hakuna anayecheka, maana tumezoea. Tunafundishwa juu ya mazungumzo na kitu kisichozungumza.

Watasema: sawa, tuonyeshe basi. Nitaonyesha, kwa mfano wa ngeli, kwa sababu ngeli ndizo zinazotusumbua wengi wetu.

Fungua programu yoyote ya slaidi. Inaweza kuwa PowerPoint, inaweza kuwa Impress ya LibreOffice ambayo haidai hata shilingi moja. Katika slaidi ya kwanza andika sentensi hii yenye pengo: "Kiboko ______ tangu jana." Chini yake weka visanduku vitatu. Cha kwanza kiandikwe "amepotea", cha pili "kimepotea", cha tatu "yote mawili yanawezekana". Kisha tengeneza slaidi tatu za kufuatia. Ile ya jibu la kwanza iseme: "Umemwona mnyama wa majini. Je, mwalimu aliyesahau kiboko chake ofisini atasemaje?" Ile ya jibu la pili iseme: "Umekiona kifaa cha kuchapia. Je, mvuvi wa Ziwa George aliyemkosa kiboko aliyemzoea atasemaje?" Ile ya tatu iulize: "Basi ni kipi kinachoamua upatanisho hapa, umbo la nomino au maana yake?"

Sasa rudi kwenye slaidi ya kwanza. Bofya kisanduku cha kwanza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuweka kiungo, kisha elekeza kiungo hicho kwenye slaidi iliyomo ndani ya faili hilohilo. Fanya vivyo hivyo kwa vile viwili vilivyobaki. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya programu na programu, lakini kazi ni ileile. Katika kila slaidi ya jibu weka kisanduku cha kurudi kwenye swali. Mwisho, katika mipangilio ya kubadilisha slaidi, ondoa alama inayoruhusu slaidi kusonga mbele kwa kubofya popote, ili mtu akikosea kisanduku slaidi isijiendee. Umemaliza. Hukuandika hata mstari mmoja wa programu. Aliyeweza kuituma picha kwenye kundi la WhatsApp anaweza kazi hii.

Zingatia kwamba hakuna slaidi hata moja kati ya hizo inayosema "Umekosea". Kila jibu limepewa swali linalomfaa aliyelitoa. Na zingatia jambo kubwa zaidi: mhadhiri habofyi chochote mpaka darasa limechagua. Waliosema "amepotea" wawaeleze wenzao kwa nini, kwa Kiswahili, na waliosema "kimepotea" wajibu. Ubishi ukikolea, bonyeza herufi B, skrini iwe nyeusi, watu waache kutazama ukuta watazamane. Ukiibonyeza tena, slaidi inarudi. Na kama mtu ameuliza jambo lililo katika slaidi ya 23, andika 23 kisha ubonyeze Enter, utafika hapo bila kuzipitia zote zilizo katikati. Vitufe hivi viko katika kompyuta zetu miaka yote, na ni wangapi wetu wamewahi kuonyeshwa?

Kwa njia hiyohiyo unaweza kutunga mazungumzo yenye njia nyingi. Mwanafunzi amevuka mpaka pale Malaba, ana njaa, ameingia kibandani kwa mama mtu mzima. Slaidi inampa maneno matatu ya kuchagua: "Nipe chai," "Shikamoo mama, naomba chai," au "Mambo! Chai iko?" Sarufi haimkatazi lolote kati ya hayo matatu, ila kila moja linampeleka mahali pake. La kwanza linampatia chai, lakini mama hamtazami usoni. La pili linamfanya mama aulize, "Marahaba mwanangu, unatoka wapi?" na mazungumzo yanafunguka. La tatu linajibiwa na kijana aliyeketi pembeni, naye mama anaendelea kuosha vikombe. Slaidi kumi au kumi na mbili zinatosha. Atatokea mwanafunzi aliyekulia Busia aseme kwamba hiyo si kweli, pale mpakani hakuna anayeamkia shikamoo ili apate chai. Na abishe! Ubishi wake ndio somo la isimujamii lenyewe, na mwisho wake atapewa kazi ya kuitengeneza njia ya nne.

Wapo watakaosema kwamba hata viungo hivyo ni vigumu kwao. Kwao nasema kwamba ushirikishi hauhitaji hata viungo. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha watu wazima wapatao 300 kusoma na kuandika kwa muda wa saa 40 hivi. Katika kazi yake Freire alitumia slaidi, zile za zamani za kumulikwa ukutani, miaka zaidi ya ishirini kabla ya PowerPoint. Picha zilizochorwa na mchoraji Francisco Brennand zilionyesha maisha ya watu wenyewe: mkulima, kisima, nyumba, mwindaji. Hazikuwa na maelezo marefu ya kusomewa. Mwezeshaji aliuliza: katika picha hii, ni kipi kimeumbwa na maumbile na ni kipi kimetengenezwa na mtu? Watu wakaanza kubishana, na katika ubishi huo wakaona kwamba wao nao ni watu wenye utamaduni na wenye la kusema, na kusoma kukafuata. Slaidi ilikuwa mwanzo wa mazungumzo.

Sasa nizijibu hoja za wanaotetea hali ilivyo.

Hoja ya kwanza ni muda. Husemwa kwamba silabasi ni ndefu na tukianza kuwasikiliza wanafunzi hatutaimaliza. Nauliza: nani ameimaliza? Mhadhiri amemaliza slaidi zake, hiyo ni kweli. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 juu ya ufundishaji wa sayansi, hisabati na uhandisi katika vyuo. Katika madarasa ya mihadhara mitupu walioshindwa walikuwa kwa wastani asilimia 33.8, na katika madarasa yaliyowashirikisha wanafunzi walikuwa asilimia 21.8. Hayo ni masomo ambayo mtu angeweza kudai kwamba yanafaa kusikilizwa kwa utulivu. Je, lugha, ambayo haijulikani ila kwa kuisema? Mtu hafundishwi kuogelea kwa kusomewa sifa za maji.

Hoja ya pili ni idadi. Tuko wengi darasani, ni kweli, na wengine hufuatilia wakiwa wamesimama dirishani. Lakini Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, tangu mwaka 1991 amekuwa akifundisha madarasa makubwa kwa njia anayoiita kufundishana. Anaonyesha swali moja lenye majibu ya kuchagua. Kila mtu anaamua peke yake na kupiga kura. Kisha kila mmoja anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi. Kisha wanapiga kura tena. Kwake walikuja kutumia vifaa vya elektroniki, lakini vidole vinatosha. Kidole kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, vitatu kwa la tatu, mkono ukiwa kifuani ili jirani asinakili. Watu mia mbili wanapiga kura kwa sekunde kumi, na kwa dakika mbili zinazofuata watu mia mbili wanazungumza Kiswahili. Ni katika mhadhara gani wa kawaida jambo hilo limewahi kutokea?

Hoja ya tatu ni intaneti na umeme. Hapa nakubaliana nusu. Kuna programu za kupigia kura kwa simu, kama Kahoot ya Norwe na Mentimeter ya Uswidi, na zinavutia. Lakini zinamtaka kila mwanafunzi awe na simu ya kisasa na bando. Katika nchi ambayo mwaka 2018 iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikaiondoa na kuweka kodi ya asilimia 12 juu ya data, bando si jambo dogo kwa mwanafunzi. Kumwambia mwanafunzi kwamba hawezi kujibu swali darasani mpaka anunue data ni kumnyamazisha kwa njia mpya. Ndiyo maana nimezungumzia viungo vilivyo ndani ya faili lenyewe, ambavyo havihitaji mtandao wowote. Umeme nao ukikatika, swali la kiboko linaandikika ubaoni kwa chaki, na vidole havizimiki.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba michezo hii ni ya shule ya msingi, chuo kikuu ni mahali pa mambo mazito. Hoja hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inadhani uzito wa somo hupimwa kwa ukimya wa wanaofundishwa. Kumtaka mwanafunzi aeleze mbele ya wenzake kwa nini nomino moja ina upatanisho wa aina mbili ni kazi nzito kuliko kumtaka anakili orodha ya ngeli. Ukimya wa darasa mara nyingi ni woga, na mara nyingine ni usingizi.

Na woga huo una historia nchini mwetu. Kwa miaka mingi Kiswahili hapa Uganda kilibandikwa jina la lugha ya wanajeshi na wezi. Wengi wetu tulikuja kukisoma huku nyumbani tukiulizwa kama tumekosa somo la maana. Sasa mambo yamegeuka. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaohitajika ni sisi. Lakini mtu aliyesomea lugha kwa miaka mitatu akiwa ananakili atakwenda kuifundisha vipi? Tangu mwaka 2020 shule za sekondari zetu zinatumia mtaala mpya wa ngazi ya chini unaotaka mwanafunzi atende, ajadili na atatue matatizo. Mwalimu tarajali anayetoka kwenye mihadhara ya kusomewa ukuta anapelekwa kwenye darasa la namna hiyo kwa mazoezi ya ufundishaji, na mkaguzi anashangaa kwa nini anasimama ubaoni na kuimla darasa zima. Hakuna cha kushangaza. Mtu hufundisha kama alivyofundishwa.

Hapo ndipo penye hatari. Tukiendelea hivi tutakuwa na nchi yenye maelfu ya watu wenye vyeti vya Kiswahili ambao wakifika Malaba wanaagiza chai kwa Kiingereza. Na wale waliokuwa wakituambia kwamba Kiswahili si lugha ya watu wetu watapata ushahidi wao, nasi ndio tutakaokuwa tumewapa.

Basi napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Kwa wahadhiri wetu waheshimiwa: katika kila slaidi kumi, mbili ziwe maswali ambayo mhadhara hauwezi kuendelea bila kujibiwa. Si lile la "Tumeelewana?" ambalo jibu lake hujulikana kabla halijaulizwa. Liwe swali ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kutofautiana juu yake. Na mkishauliza, tunaomba mnyamaze kwa muda anaonyamaza fanani aliyetega kitendawili.

Kwa idara: alama za semina zisitolewe kwa msemaji peke yake. Kundi lipimwe pia kwa yale ambayo wasikilizaji walisema wakati wa wasilisho. Kundi lililosoma slaidi thelathini bila mtu mwingine kufungua kinywa lisipate zaidi ya nusu ya alama, hata kama sarufi yake haina dosari. Na kila kundi la mwaka wa mwisho liache nyuma yake seti moja ya slaidi zenye njia nyingi, ihifadhiwe idarani, ili mwaka unaofuata usianze tena kutoka sifuri.

Kwa wanafunzi wenzangu nina maneno makali zaidi. Sisi ndio tunaomwambia mhadhiri, "Tutumie tu slaidi," kisha tusirudi darasani mpaka wiki ya mtihani. Sisi ndio tunaoinamisha vichwa swali likiulizwa. Sisi ndio tunaomcheka mwenzetu anayekosea upatanisho wa kisarufi, mpaka akaamua kwamba kimya ni salama zaidi. Hakuna kiungo wala kitufe kitakachotusaidia kama slaidi itauliza na darasa zima likatazama simu. Kitendawili hutegwa kwa watu wawili, na anayekataa kusema "Tega!" ameuharibu mchezo sawasawa na yule anayekataa kutega.

Semina zinaendelea muhula huu. Lile swali la kiboko linatengenezeka kwa dakika ishirini, na kompyuta za maktaba zinatosha. Atakayesema hajui programu za kompyuta, tumwombe atoe udhuru mwingine.